Salamu za Saa Kumi na Mbili na Nusu

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, karani mkuu wa shule yetu ya udereva, ambaye sote tunamwita Shangazi, atastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Nasema karani mkuu kwa sababu ndivyo barua yake ya ajira inavyosema. Ukweli ni kwamba hapajawahi kuwepo karani mdogo. Muda wote huo amekuwa mkuu wa nafsi yake, na mwenyewe husema kwamba huyo mtu wa chini yake hakuwahi kumpa taabu.

Hakuna anayejua ni shangazi wa nani. Jina lilianzishwa na mwanafunzi mmoja wa zamani aliyefeli mtihani wa kurudi nyuma mara nne, na kila alipofeli alikuja kulia mezani pake. Alipofaulu mara ya tano alimwita shangazi mbele ya watu. Tangu siku hiyo hata mwenye shule, anayemzidi umri kwa miaka sita, naye akawa mpwa.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijarida chetu kwa sababu, nilivyoambiwa, mimi ndiye ninayemjua vizuri zaidi. Mimi ni mwalimu wa magari madogo na nina miaka kumi na moja hapa. Nilikubali haraka, nikidhani ni kazi ya nusu saa. Nilipokaa kuandika niligundua kwamba yote niliyokuwa nayajua kuhusu Shangazi yangeenea nyuma ya bahasha, tena bahasha ile ndogo.

Nianze na ubao, kwa faida ya walioajiriwa karibuni ambao hawakuuona.

Kwa miaka ishirini na nne shule hii iliendeshwa na ubao mweusi uliotundikwa ukutani, ukiingia tu unakukabili. Kushoto yaliandikwa magari, juu zikaandikwa saa, na katikati majina ya wanafunzi kwa mwandiko wa Shangazi, ambao ulikuwa umesimama wima hata kwa chaki. Kila siku saa moja na nusu asubuhi walimu wote tulikusanyika pale kusoma zamu zetu. Mwalimu wa Lori alilalamika kwamba anapewa wenye miguu mizito peke yake. Mama Gia, mwalimu wetu wa kike, alisoma orodha ya kila mtu kwa sauti ya msoma taarifa ya habari, pamoja na maoni yake ambayo hakuna aliyeyaomba. Shangazi alikuwa na chupa ya chai na vikombe ambavyo hakuna viwili vilivyofanana, na kila mtu alikijua chake. Nusu ya yaliyosemwa pale hayakuhusu magari hata kidogo. Tulikuwa tukiachana saa mbili kasoro dakika tano, tukikimbia.

Ubao ulikuwa na kasoro zake. Mwalimu wa Lori ni mpana, na akipita karibu bega lake hufuta wanafunzi wawili au watatu bila yeye kujua. Mara nyingine wanafunzi wawili walipangiwa gari moja, wakakutana langoni wamekunjiana uso. Lakini yote hayo tuliyavumilia hadi ile Jumatatu ya wiki ya mitihani, pale mfanya usafi mpya, mwanamke mchapakazi aliyetaka kuonyesha kwamba hatukukosea kumwajiri, alipouosha ubao kwa maji na sabuni. Aliusugua vizuri sana. Shangazi alipofika aliukuta unang'aa.

Wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wamepotea. Shangazi hakumfokea yule mama. Alivua koti, akavuta kiti, akaanza kuwaandika upya kutoka kichwani, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya saa tatu alikuwa amewarudisha arobaini na mmoja. Sisi tulimpigia makofi. Yule mmoja aliyebaki, binti fundi cherehani aliyekuwa akijifunza kwa zamu zake za mapumziko, alisubiri kwenye mzunguko wa barabara tangu saa tatu hadi saa saba, kisha akaenda kujiandikisha shule nyingine. Sisi tulimsahau jioni ileile. Shangazi alimtaja kwa miezi, na nadhani ni kwa ajili ya binti huyo kwamba yote yaliyofuata yalitokea.

Mwenye shule alitaka kuita kampuni ije kututengenezea programu. Shangazi akamwomba wiki sita kwanza ajaribu vile vya bure vilivyopo mtandaoni. Alikuwa na miaka hamsini na tano, na simu yake wakati huo ilikuwa ya vitufe. Kila siku akitoka kazini alipita duka la intaneti lililo kona ya pili, akakodi kompyuta ya karibu na ukuta, akafungua daftari la jalada la bluu. Daftari hilo sasa ninalo mimi. Ameandika kila hatua kwa maneno yake mwenyewe, na katika kurasa za mwanzo, baada ya karibu kila hatua, kuna neno moja limerudiwa: "Bonyeza alama ya kujumlisha. Usiogope. Andika jina la tukio. Usiogope." Kufikia ukurasa wa thelathini neno hilo halionekani tena.

Kila chombo alikipima kwa swali moja: simu ikitumbukia chooni, je, kazi itakuwa bado ipo? Kisichoweza kujibu swali hilo alikifuta. Alivyobaki navyo ni vichache. Kalenda ya mtandaoni ya pamoja, kila gari na rangi yake, ili gari moja lisiweze kupewa watu wawili. Fomu ya kujiandikisha ambayo mwanafunzi anaijaza kwenye simu yake akiwa nyumbani. Kabati la mtandaoni la kuhifadhi nakala za vitambulisho na leseni za mwanafunzi, ambazo zamani ziliishi kwenye maboksi chini ya ngazi pamoja na panya. Chombo cha kutuma ujumbe wa kumkumbusha mwanafunzi saa moja kabla ya somo. Kura ya mtandaoni, kwa mambo ya kuamua, na mkutano wa video, kwa mambo ya kubishana. Ameviunganisha vyote hivyo mwenyewe, na wafanyabiashara wa mtaa mzima, kuanzia mwenye saluni hadi mtengeneza miwani, wamekuja kwa nyakati tofauti kumwomba awafundishe. Hakumnyima hata mmoja.

Si kwamba mambo yalinyooka siku ya kwanza. Wiki ile ya mwanzo Shangazi aliingiza saa kama tunavyozitaja sisi. Somo la saa nane mchana akaliandika 8:00, na kompyuta, ambayo haikulelewa na sisi, ikaelewa ni saa mbili asubuhi. Wanafunzi wa mchana wakaamshwa na ujumbe kwamba gari linawasubiri. Mhasibu mmoja mnene na mwenye heshima zake alifika langoni anahema, shati limefungwa vifungo vya kombo, na ndani hapakuwa na mtu ila Shangazi na ufagio. Alimpa kiti, akampa chai, akamwomba radhi, na mhasibu akakaa hadi saa nane akimsimulia habari za ndoa yake. Kesho yake kwenye kompyuta palibandikwa karatasi yenye maneno mawili: ONGEZA SITA. Kwa muda mrefu yakawa mzaha wetu. Mtu akichelewa, tulimwambia aongeze sita.

Miezi mitatu baadaye hapakuwa tena na gari lenye wanafunzi wawili. Wanaosahau masomo wakapungua hadi nikaanza kuwakumbuka, kwa maana wakisahau mimi hulala kidogo kwenye kiti cha dereva. Katika miaka hii mitano shule mbili kubwa za mtaa huu zimefungwa. Yetu, yenye ofisi ya vyumba viwili na choo kinachogoma, imeongeza gari la saba. Mwenye shule huulizwa siri ni nini, naye hujibu kwamba tuna mfumo mzuri.

Hapo ndipo neno hilo lilipoingia mdomoni mwetu, na naomba msomaji alitazame vizuri. Mfumo. Mfumo umenipangia wanne leo. Mfumo umekataa. Muulize mfumo. Kila mwalimu alipata simu janja, na kwenye simu, kando ya jina la mwanafunzi, yalikuja maelezo mafupi. Huyu anaogopa mlima, mwanzishe tambarare. Huyu haoni vizuri jicho la kushoto ila anaona haya kusema. Huyu amefiwa na baba yake wiki iliyopita, leo usimkemee. Mama Gia alisema mfumo wetu una akili kuliko mume wake, na akamwambia mume wake pia. Mwalimu wa Lori, mtu asiyesifu hata chakula, alijaza fomu ya maoni akaandika: "Tunaomba mfumo uendelee hivyohivyo, usibadilike." Fomu za maoni zilikuwa zikifika kwa Shangazi. Hiyo aliichapisha, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Nimeiona.

Na kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, uliingia ujumbe kutoka namba ileile ya vikumbusho. "Habari za asubuhi, mwalimu. Umeamkaje? Leo una wanafunzi watano, wa kwanza saa mbili. Barabara ya sokoni inachimbwa, pitia nyuma. Siku njema." Niliusoma nikipiga mswaki, nikatazama idadi ya wanafunzi, nikaweka simu mfukoni. Niliupenda. Sikuujibu hata siku moja, kwa sababu hakuna mtu anayeitikia salamu ya mashine.

Kwa kuwa simu ilitwambia yote, hapakuwa na haja ya kupita ofisini. Kwanza tuliruhusiwa kulala na magari nyumbani mara mojamoja, kisha ikawa kawaida. Wanafunzi nao walijiandikisha mtandaoni, wakachukuliwa majumbani kwao, wakarudishwa majumbani kwao. Mwenye shule alihamishia shughuli zake nyumbani, akawa anakuja Jumatatu moja kwa mwezi kutazama choo. Ubao uliteremshwa, ukaegemezwa uani. Shangazi aliendelea kufungua mlango saa moja kamili, kufagia, kuchemsha maji, kuketi. Kwa siku alipata watu wawili, labda watatu, wengi wao waliopotea njia wakitafuta ofisi ya bima iliyo jengo la pili.

Siku moja nilipita kuchukua vibao vipya vya mwanafunzi vya kubandika kwenye gari. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Shangazi alifurahi, akanivutia kiti, akaanza kunieleza habari za mwanawe wa kwanza aliye mbali, na jinsi alivyomfundisha kupiga simu za video ili amwone mjukuu. Alizungumza haraka, akiruka kutoka jambo hadi jambo, kama mtu aliyeweka mambo mengi na anaogopa kusahau mojawapo. Mimi nilikuwa nachungulia simu chini ya meza. Ujumbe ukalia: mwanafunzi wako yuko tayari, zimebaki dakika kumi na tano. Nikainuka, nikaomba samahani, nikasema mfumo unaniita. Akasema haya baba, nenda, usimcheleweshe mtu. Ulikuwa ni ujumbe alioupanga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na ulinitoa mbele yake kabla chai haijapoa.

Mwaka wa tatu wa mfumo, Shangazi alileta pendekezo kwenye kundi letu la ujumbe. Je, tukutane ofisini kila Jumatatu asubuhi, nusu saa tu, kama zamani? Aliliweka kwenye kura ya mtandaoni, ndiyo au hapana, kura ya siri. Matokeo yalitoka kabla ya saa sita: ndiyo moja, hapana saba. Mimi nilipiga hapana nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kujaza mafuta, kwa kidole gumba, bila kusoma mpaka mwisho. Mama Gia akaandika kwamba tunaweza kukutana kwa video. Shangazi akashukuru, akaandaa mkutano wa video, na Jumatatu ile tulikuwa vipande vinane vya uso kwenye kioo, wengine wamezima kamera. Mkutano ulidumu dakika sita.

Kuna jambo moja la kwangu binafsi ambalo lazima niliseme, kwa kuwa bila hilo wasifu huu utakuwa ni maneno ya adabu tu. Miaka miwili iliyopita mama yangu aliugua. Nilijaza fomu ya ruhusa, penye sababu nikaandika: kuuguza mama. Kesho yake ujumbe ukaja saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. "Habari za asubuhi, mwalimu. Mama ameamkaje leo? Hatujakupangia mwanafunzi." Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali. Nilishangaa, nikamwonyesha jirani yangu wa benchi, nikamwambia mambo ya siku hizi ni makubwa, mashine imesoma fomu yangu. Kwa siku kumi na moja ujumbe uliniuliza mama ameamkaje. Kwa siku kumi na moja nikaona jinsi walivyoutengeneza kwa ustadi. Mama alipona. Shangazi hakuwahi kuambiwa. Alilijua hilo pale nilipofungua tena nafasi zangu kwenye kalenda.

Wiki tatu zilizopita tulianza makabidhiano. Goti langu la klachi limechoka, na mwenye shule ameamua nihamie mezani pa Shangazi. Kwa siku nne nilikaa kando yake na daftari la bluu. Alinionyesha kalenda na rangi zake. Alinionyesha fomu, kabati la mtandaoni, maneno ya siri ya kila chombo, na mahali pa kupiga kompyuta kofi dogo ikiganda. Alinionyesha pia jinsi msimamizi wa kura anavyoweza kuona nani amepiga nini, hata kura ikiitwa ya siri. Alilipita hilo haraka, kama mtu anayekuonyesha swichi ya taa, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilibaki kwenye ule wa nyuma. Kwa miaka miwili alikuwa anaijua hapana yangu, na kwa miaka miwili alikuwa ananipangia wanafunzi wapole siku ambazo goti lilikuwa linauma.

Siku ya nne, tukiwa tumemaliza, nilimuuliza swali ambalo niliona ni dogo. Nilimwambia amesahau kunionyesha kitufe kimoja, kile cha salamu za asubuhi.

Shangazi alitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi, akiwa ameshangaa kweli. Akasema, "Hakuna kitufe, baba. Zile naandika mwenyewe."

Aliendelea kueleza kwa utulivu, akidhani nataka kujifunza. Mwezi wa kwanza alijaribu kuzituma kwa chombo cha kukumbusha, zikaenda maneno yaleyale kwa watu wote kwa wakati mmoja. Akaona si vizuri. Mwalimu wa Lori huanza kazi saa nne, kumsalimu saa kumi na mbili na nusu ni kumwamsha, kwa hiyo ujumbe wake huandikwa saa tatu kasorobo. Mama Gia hapendi kuulizwa ameamkaje akiwa hajanywa chai, anapenda aambiwe njia kwanza. Basi akaamua kuziandika kwa mkono, moja moja, nyingi akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, kabla ya kuvaa. Maelezo ya wanafunzi, hofu zao, misiba yao, nayo yalikuwa yake. Huwapigia simu wanafunzi wapya akawauliza habari zao, wakamwambia.

Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kuitikia. Alicheka kidogo, akaanza kukunja waya wa chaja ambao haukuhitaji kukunjwa. Akasema watu wana kazi asubuhi.

Miaka mitano. Walimu saba, kila asubuhi ya kazi. Sisi ambao mtoto tunamfundisha kuitikia salamu kabla hajajua kuomba maji. Sisi ambao jirani akipita bila kuitikia tunauliza tumemkosea nini, na jambo likafika hadi kwa wazazi. Nimeona watu wakivunja uchumba kwa sababu ya salamu isiyoitikiwa. Niliona aibu ambayo sikumbuki kuiona tangu nikiwa mtoto, na nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu yote, naye hakunisaidia. Aliniuliza tu kwa nini hatukujibu hata kwa makosa.

Asubuhi iliyofuata ujumbe uliingia saa ileile. "Habari za asubuhi, mwalimu. Umeamkaje? Leo ni siku yako ya tano mezani, njoo na miwani." Mikono ilikuwa na maji. Niliikausha, nikaandika: "Nzuri, Shangazi. Nimeamka salama. Wewe je, umeamkaje?"

Haikupita dakika moja simu ikaita. Ni Shangazi, na sauti haikuwa ya kawaida. Kuna nini? Gari limepata ajali? Nani ameumia? Nilimwambia hakuna ajali, hakuna aliyeumia, nimeitikia salamu tu. Nilisikia redio ikisoma matangazo nyuma yake, na maji yakichemka. Mwishowe akasema alishavaa viatu, alikuwa anatoka kuja. Kisha akasema, taratibu, kwamba basi ameamka salama na yeye. Tukaagana, na nusu saa baadaye tulikutana ofisini kana kwamba hatukuongea.

Hayo ndiyo mafanikio ya Shangazi ambayo hayako kwenye faili lake. Yaliyo kwenye faili ni mengi na yote ni ya kweli: maelfu ya madereva wamepita mezani pake, na nyaraka hazijapotea hata moja tangu zilipotoka kwa panya. Kwa upande wa familia, alifiwa na mume mwaka wake wa ishirini kazini. Watoto wake wawili wako mbali, wanampigia Jumapili. Nyumba yake ni mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa, vyumba viwili na sebule, na majirani zake wote hutoka asubuhi na kurudi jioni. Nilimuuliza atafanya nini Jumatatu. Akasema atafagia.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa saa nne asubuhi, ofisini. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekumbuka kutuma mwaliko, aliuingiza yeye mwenyewe kwenye kalenda, rangi ya kijani. Wote saba tumebonyeza "Nitahudhuria". Jana alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama apange viti saba au aandae video. Alitaka kujua tu, asije akahangaika bure. Nilimwambia apange viti. Wenzangu, nimemwahidi kwa niaba yenu, na mtu aliyeahidiwa ana miaka sitini na ameshafuta vumbi.

Kijarida hiki, kama vyote vilivyotangulia, kinatumwa na yeye, hivyo msomaji wake wa kwanza ni yeye. Shangazi, ukifika hapa usisahihishe kitu.

Tunakushukuru kwa kazi. Tunakushukuru kwa binti fundi cherehani ambaye hukumsahau, na kwa kila mwoga uliyemtambua kabla hajakaa kwenye usukani. Tunakuomba radhi, na hili nalisema kwa jina langu kabla ya la mtu mwingine yeyote. Kuanzia Jumatatu jina lako halitakuwamo tena kwenye mfumo, na salamu za walimu nitaziandika mimi, kila mmoja kwa wakati wake. Ya kwako nitaiandika ya kwanza. Huna deni la kuitikia. Usipojibu, nitajua umelala au unafagia, na kesho yake nitaandika tena. Sisi sote tunakutakia asubuhi zenye watu.